Umeme wa Muhogo

Nianze na kichwa chake. Kilikuwa na upara tangu nilipomfahamu, na hata wakubwa wa avenyu yetu walisema hawakumbuki kumwona na nywele. Kila asubuhi alikipaka mafuta ya mgando, akavaa kofia, akaivua tena mlangoni mwa darasa, na sisi tuliokaa mbele tulijitazama humo kuona kama tumenawa vizuri. Akitusikia tunacheka, alicheka kutuzidi. Nakitaja kichwa mapema kwa sababu baadaye kiliingia gazetini, na yote ninayotaka kusema yanapita hapo.

Alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye shule ya Wamethodisti hapa Kamina, na kama walimu wote wa sekondari kwetu aliitwa Prof. Jina analo, ila sitalitaja, maana siku akilikuta kwenye karatasi yoyote ataanza kuulizauliza. Sasa anaishi Lubumbashi kwa binti yake. Mimi fizikia ilinishinda. Nauza mikate na unite, vocha za simu, kando ya uzio wake wa matete, na uzio wa matete hauzuii neno. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho, au niliyasikia nikiwa nimekaa zangu, bila kutega sikio.

Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kila mahali. Nani alipima? Alipima na nini? Na mwingine alipata vile vile? Darasani tuliyazoea. Shida ilikuwa nje ya darasa.

Jumapili moja mama mmoja alisimama kanisani kushuhudia kwamba mguu wake mfupi umerefuka wakati wa maombi. Kanisa zima aleluya, vigelegele, ngoma. Prof akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Mchungaji akajifanya haoni, akatazama dari, akatazama Biblia, lakini kidole hakishuki.

"Pasta, minyi siko nakatala," Prof akasema, yaani yeye hakatai. "Nauliza tu. Nani alipima?"

Yule mama akakasirika. Akaamua kutembea mbele yetu sote, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, ili aibu impate Prof. Akatembea. Basi tukaona kila mtu kwamba sasa anachechemea upande wa pili. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka sana, na kwa muda mrefu Prof hakupewa zamu ya kusoma somo.

Huyo huyo Prof, mtu wa kupima, alikuwa anaogopa kinyonga. Akimwona barabarani, anavuka upande wa pili na baiskeli mkononi, anasubiri apite, na kinyonga hana haraka, unamjua. Nilimwuliza nikiwa mtu mzima tayari, "Prof, nani alipima kama kinyonga analeta bahati mbaya?" Akaniangalia kwa hasira kabisa. "Ile haina kintu ya kupima," akasema. "Ile ni kinyonga!"

Na magazeti. Aa, magazeti! Yetu huja na gari moshi kutoka Lubumbashi, kama gari moshi lenyewe likija. Yakifika yamezeeka, na mengi yanakwenda moja kwa moja sokoni kufungia karanga na samaki wakavu wa Mulongo. Watu wengine huchagua samaki. Prof alichagua karatasi. Alisimama mbele ya muuzaji, kichwa ameinamisha upande, anasoma, na akiona neno la sayansi anasema, "Nipe hii." Muuzaji alishajua, samaki waliomshinda kuuza aliwafungia kurasa za sayansi.

"Tena samaki ya kuoza!" Mama Prof, mkewe, alilia jikoni, nami nasikia.

"Geuza karatasi," Prof alimwambia. "Banasema balipata planeti mupya, iko na maji."

"Na samaki yako iko na badudu! Kula planeti yako!"

Usifikiri aliyaamini magazeti. Hakuna mtu Kamina aliyeyatukana kuliko yeye, na hakuna aliyeyapenda kuliko yeye. Kwetu muhogo mchungu hauliwi siku unapong'olewa. Unauloweka majini mpaka sumu itoke, unauanika, unautwanga, ndipo unasonga bukari, ugali wetu. Prof alisema habari ya sayansi ina sumu ya siku ya kwanza. Kusoma alisoma siku ile ile, kwa ulafi, miwani puani, akicheka peke yake. Kuamini ndiko alikoahirisha. Alitoboa ukurasa, akautundika kwenye kamba jikoni juu ya moshi, ukakaa huko miezi. Kama halikuja gazeti jingine kuukana, aliushusha na kutangaza, "Hii imeiva." Zilizoiva zilikuwa chache mno. Ukurasa mmoja ulisema kahawa inaharibu moyo, mwingine ukaja kusema kahawa inalinda moyo. Alizitundika zikitazamana, zimalizane zenyewe, na muda wote huo akawa anakunywa nusu kikombe.

Avenyu nzima tukaambukizwa. Mtu akikuletea umbea, unamwuliza, "Umeloweka?" Jirani yangu aliambiwa mume wake ameonekana kwa mwanamke wa karibu na stesheni. "Umeloweka?" akamwuliza mleta habari. Akaloweka. Ikaiva, maskini, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye somo la muhogo, maana hapo ndipo maisha yake yalipoharibika.

Kila mwaka alileta darasani kikapu cha mihogo. Kila muhogo aliuchoma msumari wa bati upande mmoja na kipande cha waya wa shaba upande wa pili, akaiunganisha yote kwa nyaya, mwishoni akafunga kitaa kidogo alichotoa kwenye tochi iliyokufa. Tunaziba madirisha kwa mablanketi. Kitaa kinawaka, ila kinawaka vibaya mno, kama jicho la mtu mwenye homa, na sisi tunapiga makofi.

"Inawaka?" anauliza.

"Inawaka, Prof!"

Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza. Alitupa kitabu tusome kwa mwanga ule. Hakuna aliyeweza. Alituhesabisha mihogo ingehitajika mingapi kuwasha taa moja ya nyumba, na tukagundua tungemaliza shamba zima la Kaniama na bado tungejikwaa kwenye viti. "Basi," alisema, "mutu akikuambia atawasha muji na muhogo, umuulize nini?" Na sisi wote kwa sauti moja: "Nani alipima!" Hilo ndilo lilikuwa somo. Kitaa kilikuwa chambo tu.

Mwaka mmoja gari moshi lilifia Kamina. Likifa hapa, abiria wanakaa hadi spea ije. Wanapika kando ya reli, wanafua, wanafahamiana, wengine wameoana. Kati yao alikuwapo kijana mwandishi wa gazeti la mjini, amechoka kukaa, anazungukazunguka akitafuta cha kuandika. Mtu akampeleka shuleni. Prof alifurahi kama mtoto. Mwandishi wa kweli, darasani mwake! Akampa kiti cha mbele, mablanketi yakafungwa, kitaa kikawaka, makofi yakalia, kijana akapiga picha.

Na hapo hapo gari moshi likapiga filimbi.

Hapa ukisikia filimbi hiyo hujadiliani nayo, maana gari linalofuata hujui litakuja lini. Kijana aliruka na begi lake, akapita katikati ya madawati, blanketi moja likamfuata hadi uwanjani. "Bado!" Prof alimwita. "Ngojea mwisho! Mwisho njo somo!" Mwisho ndio somo, lakini kijana alipunga mkono bila kugeuka.

Habari ilitufikia kwanza kwenye simu, picha ya ukurasa. Kichwa cha habari kilisema savant, yaani mtaalamu mkubwa, wa Kamina amewasha mji kwa muhogo. Ndani mle Prof alikuwa daktari, alikuwa na maabara, na wakazi wa Kamina walikuwa hawajui tena giza ni nini. Tuliisoma jioni, avenyu nzima tumekusanyika kwenye meza yangu, gizani, kwa mwanga wa simu ile ile. Na nakuapia, watu walifurahi.

Kesho yake wakaanza kuja. Kinyozi na mashine yake. Fundi cherehani na pasi. Baba mmoja alitoka Kaniama amefunga magunia mawili ya muhogo kwenye baiskeli, akataka aunganishwe. Prof alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Tata, hii ni uongo. Sina umeme."

"Gazeti ilisema."

"Gazeti ilikosea. Minyi mwenyewe nakuambia!"

"Na weye ni nani?"

"Minyi njo ule mutu wa ku gazeti!"

Yule baba alimpima kutoka viatu hadi upara. "Mutu wa ku gazeti eko docteur," akasema kwa upole. "Weye uko na kaptula." Akakaa chini ya paa la nyumba kumngojea daktari, na alingoja hadi muhogo wake ukaanza kunuka.

Prof alipiga simu gazetini kuomba wasahihishe. Walikuwa watu wa heshima, wakasahihisha. Chini kabisa ya ukurasa wa ndani, kando ya tangazo la sabuni, waliandika kwamba savant wa Kamina, kwa unyenyekevu, asema umeme wake bado ni mdogo. Watu wakasoma, wakatikisa vichwa. "Bado mudogo," wakasema. "Itakomaa." Siku hiyo nilimsikia Prof akicheka jikoni peke yake, kicheko kirefu, na mwishoni hakikuwa kicheko tena.

Hadi hapo, sawa, ilikuwa vichekesho. Mimi mwenyewe niliuza mikate mingi kwa wale waliokuja kuomba umeme. Lakini yaya yangu, dada yangu mkubwa, ni mkunga kwenye maternite, nyumba ya uzazi ya mtaa wetu, na maternite haikuwa na taa. Usiku alizalisha na simu mdomoni, ameing'ata kwa meno ili mikono iwe huru. Marafiki wa parokia, watu wa ng'ambo, walikuwa wameahidi kuleta paneli za jua, betri na taa. Vyote vilishafungwa kwenye maboksi. Halafu mtu akawatafsiria lile gazeti. Wakampigia padri simu, wanampongeza kwa furaha, wakasema basi paneli zitakwenda kwa wenye shida zaidi. Padri alieleza, akaeleza, akapandisha sauti. Wakamwambia ni vibaya kudharau akili ya watu wake.

Yaya alikuja jioni ile ile, bado amevaa nguo ya kazi, mkononi ameshika muhogo mmoja mkubwa. Hakubisha hodi. Aliutupa miguuni pa Prof.

"Washa hii!"

"Mama..."

"Washa, nakuambia! Jana nilizalisha na simu mu meno, mate ikaingia mu simu, ikazimika. Nilishona ule mama na vidole tu, sioni, eko analia na minyi nalia. Sasa panneau inaenda kwengine, juu sisi tuko na savant. Basi washa, nione!"

"Gazeti ilisema uongo," Prof akasema.

"Najua! Nani hajui? Lakini bale bantu ba mbali, bataamini nani? Weye ao gazeti?"

Prof akainama, akaokota muhogo, akaupangusa vumbi kwa kiganja. "Gazeti," akasema.

Yaya akaondoka akilia barabarani, mtu mzima, bila kujificha. Mama Prof alitaka kuumenya ule muhogo, Prof akakataa. Alikaa nao kibarazani mpaka akaitwa kula, na kula hakula.

Asubuhi alikuja kwangu kununua unite. Alikuwa amekipaka kichwa mafuta kuliko siku zote. Akakaa kwenye kigoda changu, akapiga simu pale pale mbele yangu.

"Allô? Ni minyi. Savant wa muhogo."

Nilishtuka. Hakuwahi kujiita hivyo. Akabadili sauti, akaingia Kifaransa cha redio, cha maneno marefu. Akamwambia yule kijana kwamba amechunguza zaidi, na amegundua jambo la kutisha: umeme wa muhogo unamaliza nywele. Zinaanza za mbele, halafu zote. Walio hatarini zaidi ni akina mama na watoto wachanga. Ndiyo, yeye mwenyewe. Ndiyo, kabisa, hata unywele mmoja haukubaki. Picha? Atatuma picha.

Kisha akabaki na simu sikioni. Nikamwona anangoja.

"Hakuna swali ingine?" akauliza. "Hakuna kintu ingine unataka kuniuliza?"

Kijana alitaka tu picha isipigwe kwenye kivuli. Nikaipiga mimi, na simu yangu, Prof ameinama mbele kama mtu anayebarikiwa.

Habari ile ilitoka ukurasa wa kwanza. Upara mtupu, mkubwa, nusu ya karatasi. Wiki hiyo hiyo watu wa ng'ambo walimpigia padri, wamefadhaika, wanauliza nywele za akina mama zinaendeleaje, na paneli zikaondoka kuja kwetu. Kamina nayo ikachachamaa. Watu waling'oa misumari kwenye mihogo waliyokuwa wameiweka chini ya vitanda "ikomae". Jirani mmoja mwenye upara wa urithi, ambaye hajawahi kushika hata waya, alikuja kumtukana Prof kwa kumharibia kichwa. Muhogo tuliendelea kuula. Bukari ni bukari, hakuna gazeti litakalotuachisha.

Mafundi wakaja, wakapanda juu ya maternite, taa zikawaka. Yaya alicheza mbele ya mlango, akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka kutazama. Akaja na kuku kwa Prof. "Wafwako, Tata, wafwako," akamshukuru kwa Kiluba, amepiga magoti. Prof alipokea kuku kwa mikono miwili, akainua uso na kumwambia, "Usinishukuru mbele ya batoto ba shule." Yaya hakuelewa. Mimi nilielewa nusu, na nusu nyingine aliniambia mwenyewe siku moja mvua ilipomzuia kibandani kwangu.

"Nilingojea aniulize nani alipima," alisema. "Swali moja tu, mwana yangu. Kama angeniuliza, ningesema ukweli yote, na panneau ingepotea. Niliomba Mungu aulize. Kiisha niliomba asiulize. Hakuuliza." Akatazama mvua. "Njo banaandikaka vile."

Baada ya hapo alibadilika. Aliteremsha kurasa zote za kwenye kamba, Mama Prof akawashia moto, ndiyo siku pekee niliyoona magazeti yakimsaidia huyo mama. Kanisani watu walishuhudia mambo makubwa makubwa, na kidole hakikuinuka. Mchungaji alianza kuwa na wasiwasi, akawa anamtupia jicho kabla ya kusema amina. Somo la muhogo hakuliacha, ila alilifundisha kinyume: alianza na mwisho. Kwanza kitabu na hesabu, kwanza "nani alipima", kitaa kikaja mwisho kabisa, na watoto waliopitia kwake miaka ile walisema ni somo la ajabu, unaambiwa kwanza kwamba haifai, kisha unaonyeshwa. Alisema gari moshi linaweza kupiga filimbi wakati wowote.

Na akaanza kutembea jioni. Jua likielekea kuzama anavaa kofia, anapita mbele ya meza yangu, anaelekea upande wa maternite. Haingii. Anasimama ng'ambo ya barabara, anakaa hapo kidogo, anarudi. Mvua, vumbi, siku ya sikukuu, anapita. Nilidhani uzee.

Mara ya mwisho nilipomwona Kamina ilikuwa jioni ya siku moja kabla ya safari yake ya kuhamia Lubumbashi. Maboksi yake yalikuwa yamefungwa kamba. Alipopita, nilifunika mikate yangu, nikamfuata, nikamkuta amesimama pale pale, mikono nyuma.

"Prof, hata leo?"

"Hata leo."

"Lakini gazeti lilishaandika kwamba maternite imepata taa. Na picha wakaweka. Sasa unatafuta nini?"

"Waliandika, eh?" Akacheka kidogo, cheko lake la zamani. "Njo maana nakuya kuangalia."

Tukasimama. Giza lilikuwa linaingia, ndani kukasikika mwanamke akiguna, na yaya akimpigia kelele za kumtia moyo kama kawaida yake. Kisha dirisha likawaka, jeupe, mpaka barabarani, mpaka kwenye viatu vyetu. Prof akavua kofia. Kichwa chake kiling'aa kama zamani pale mbele ya darasa, na mimi sikujua nicheke au nilie, basi nikamtania tu.

"Inawaka," nikasema. "Nani alipima?"

"Minyi."

"Na nini?"

"Na macho." Akavaa kofia yake, akanigeukia. "Na weye umeona vile vile. Kesho upite hapa weye."